Nilisema Nimeota Sura ya Mama Mwamini

Nimekosa, ndugu zangu. Naanza na hilo ili usije ukanihurumia bure kabla hujafika mwisho. Sikulewa, sikulazimishwa, wala hakuna shetani aliyenishika mkono. Mkono ulikuwa wangu, na mdomo ulikuwa wangu.

Jina langu silitaji. Watu wa Katuba, mtaa wetu wa Lubumbashi, watanijua tu, hata nikijiita jiwe. Na ninyi mtakaonijua, kabla hamjanitukana, kumbukeni kwamba mlicheka pia!

Nilikuwa kijana, na kazi yangu ilikuwa kuchora. Nilichora chochote. Vichwa vilivyonyolewa vizuri kwenye kibao cha kinyozi, mkate na chupa ya bia kwenye ukuta wa duka, simba, treni, vijiji ambavyo sijawahi kufika. Chama kilipotaka picha ya akina mama wakicheza kumpokea mgeni mkubwa, niliwachora wote wakitabasamu, hata wale niliojua walisimama juani tangu asubuhi na njaa tumboni. Mkono wangu ulikuwa mwepesi, na mimi mwenyewe nilijua.

Kilichonilisha hasa ni picha za sebuleni. Lubumbashi siku hizo, mfanyakazi wa shaba akishapata viti na redio, lazima atundike picha ukutani. Sebule isiyo na picha, wageni walikuwa wanauliza kama unahama.

Picha zenyewe tulichora kwenye mifuko ya unga, ile ya kitambaa cheupe. Unaifua mpaka maandishi yatoke, unaishona miwili pamoja, unaipigilia kwenye mbao, unaipaka rangi nyeupe, ikikauka unaanza kazi. Na aliyenishonea mifuko yangu alikuwa jirani yetu, Mama Mwamini.

Alitoka familia ya Waislamu wa Maniema. Baba yake alikuwa fundi cherehani, na binti alirithi mashine pamoja na mkono. Mshono wake ulijulikana mtaa mzima: mistari miwili myembamba, imelala sambamba kama reli. Mumewe alikuwa mtu wa Kilwa, ile yetu ya ziwani, si ile ya pwani, lakini alifanya kazi hapa mjini kwenye tanuru za shaba. Walikuwa na mtoto mmoja tu, Mwamini.

Yule mama alinipenda kama mdogo wake wa tumbo moja. Tulikuwa hata na kitabu chetu! Yeye alisimulia hadithi za sungura na fisi alizosikia kwa bibi yake, mimi nikachora, na ndani nikaweka watoto halisi wa mtaa wetu. Mtoto wa fundi baiskeli amempanda kobe. Mwamini amesimama mikono kiunoni, anamfokea fisi. Mama Mwamini akashona mgongo wa kitabu kwa cherehani yake. Kilikuwa kimoja tu, hakuna kingine, na watoto walipigana kukishika. Siku zile nilikuwa na furaha.

Basi nikaharibu.

Mama Mwamini alikuwa na mdogo wake, Aziza, aliyekaa naye. Nilimtaka Aziza. Siku moja bombani, ndoo zimepangwa foleni ndefu, nikajitia ushujaa nikamwambia mbele ya watu wote kwamba nitatuma wazee kwao. Mjinga mimi, nilidhani nitapigiwa vigelegele. Mama Mwamini akacheka, kwa utani tu, kama alivyozoea kunitania.

“Weye mutoto ya rangi! Aziza atakula nini kwako? Atatia bleu mu bukari?”

Bukari ndiyo ugali wetu, na bleu ni rangi ya buluu. Foleni nzima ikaangua kicheko. Aziza naye akacheka, tena yeye ndiye aliyecheka zaidi. Kuanzia hapo watoto wakanibatiza jina, nikipita wanaimba, “Bukari ya bleu! Bukari ya bleu!” Ni utani, utani mtupu! Mtu mwenye akili angejibu utani kwa utani yakaisha. Mimi nilikwenda nao nyumbani, nikauweka moyoni, nikaulisha.

Sasa, wewe usiye wa kwetu, lazima nikueleze juu ya mamba-muntu. Ni mwanamke wa majini, juu mtu, chini samaki. Watu wanaamini anatoa mali, lakini anadai roho. Unampa mtu wa nyumbani mwako, naye anakupa utajiri. Picha yake ilipendwa kuliko zote, na sisi wachoraji tulikuwa na maneno yetu ya kuiuzia. Mteja akiuliza umemwona wapi, unashusha sauti, unamwambia, “Minamuotaka.” Ninamwota. Hapo mteja anasisimka, na picha imeuzwa. Hakuna mchoraji aliyeota kitu! Tulikuwa tunaigana. Lakini nani angenunua mamba-muntu ambaye hajaotwa?

Nikachukua mifuko aliyonishonea mwenyewe, nikachora mamba-muntu, nikampa sura ya Mama Mwamini. Ule mwanya wa meno. Ile alama nyeusi kando ya mdomo. Lile jicho la kushoto linalofumba kidogo akicheka. Mshono wake ukapita kiunoni kabisa, pale mwili wa mtu unapoanza kuota magamba. Mungu anisamehe, ilikuwa picha nzuri kuliko zote nilizowahi kuchora.

Nikaiuza kwa mwenye baa ya njia panda. Watu walipoiona walipiga kelele, “Eh! Shi huyu Mama Mwamini!” Walicheka mpaka bia zikamwagika. Nami nilikaa pembeni na chupa yangu, nikiwasikiliza, nikiona nimelipiza.

Mama Mwamini mwenyewe akaja kwangu asubuhi, na sahani ya mandazi ya moto. Hakuja na hasira.

“Mudogo yangu, kama nilikukosea kwa bomba, unisamehe. Lakini uondoe sura yangu kule. Bantu banaanza kusema.”

“Banasema nini?”

“Unajua bashemeji yangu ba Kilwa. Bale ni bantu ba maji. Siku batasikia, haitakuwa tena muchezo.”

Ilikuwa kazi ndogo, ndugu yangu! Kuziba mwanya, kufuta alama, kufungua jicho. Nilikula andazi lake la kwanza, nikala la pili, kisha nikamjibu:

“Rangi inaisha, Mama. Banaitia yote mu bukari.”

Akanitazama. Akaacha sahani yake pale pale, akaenda. Na mifuko yangu iliyokuwa kwake akaniletea baadaye imeshonwa safi, kama kawaida. Nikajiambia, nitaibadilisha ile picha, acha kwanza aumie kidogo.

Kabla sijamaliza kumwumiza, mumewe akaugua kifua. Mtu mwenye nguvu zake, wakampeleka hospitali anatembea mwenyewe, wakamrudisha maiti.

Ndugu zake walifika kutoka Kilwa juu ya lori, wamejaa vumbi la ile barabara mbaya, na hasira imewajaa zaidi ya vumbi. Mbele alikuwa kaka mkubwa wa marehemu, Yaya Kalaba; yaya kwetu ni kaka au dada mkubwa. Unajua desturi yetu. Kijana hafi hivi hivi, lazima kuna aliyemla kwa uchawi. Kalaba hakuuliza kama mdogo wake aliliwa. Aliuliza ameliwa na nani.

Mtu mmoja, anajijua, akamnong'oneza habari ya baa.

Waliing'oa picha ukutani, wakaileta kilioni mchana kweupe, wakaisimamisha mbele ya mjane aliyekaa chini kwenye mkeka. Wanawake wakapiga mayowe. Kalaba akapitisha kidole chake juu ya ule mshono, polepole, kisha akainama, akashika mto aliouegemea Mama Mwamini, akaugeuza. Mistari miwili. Sambamba.

“Muangalie! Hata mushono ni ya mashini yake! Alijishonea mungu yake yeye mwenyewe, halafu akamupatia mudogo yangu akule!”

Mama Mwamini akainua kichwa. “Ile ni mifuko ya muchoraji. Miye namushoneaka tu. Yeye iko pale, mumuulize.” Akanitazama, na usoni mwake sikuona hofu hata kidogo. Alikuwa na hakika na mimi. “Mudogo yangu, baambie.”

Kilio chote kikanigeukia. Vijana wa Kilwa walikuwa wameshika fimbo.

“Muchoraji,” Kalaba akasema, “hii sura ulipata fasi gani? Ni yeye alikutuma, ao ni kichwa yako tu?”

Kweli ilikuwa fupi. Nilichora sura yake kwa kisirani, kwa sababu alinitania bombani. Basi! Ningepigwa, ndiyo. Lakini fimbo sikuziogopa sana. Niliogopa kicheko. Niliogopa watu wote wale wajue kwamba bukari ya bleu ilinichoma kiasi kile. Mdomo wangu ukatafuta njia ya karibu, ukakuta yale maneno ya kuuzia.

“Nilimuota,” nikasema. “Miye nilimuota tu vile.”

Mama Mwamini hakupiga kelele. Alisema tu “Eh, mudogo yangu,” kama mtu aliyechomwa sindano kidoleni.

Na aliyesimama wa kwanza alikuwa mama yangu mzazi. Mama yangu, aliyekula chungu kimoja na yule mwanamke miaka yote! Alimwamini mwanawe. Alimwendea, akamtemea mate usoni mbele ya watu.

“Mulozi! Na mutoto yangu alikuwa anakula mandazi yako!”

Mengine yalikwenda haraka. Walitoa nje viti, redio, cherehani. Walifunga nyumba. Walimvua mjane hata kitenge kipya alichopewa na mumewe. Mwamini wakamnyanyua, wakamtupa juu ya lori, anakwenda Kilwa kwa baba zake. Alikuwa anapiga mateke, na aliyemwita sio mama yake. Aliniita mimi! “Yaya, ubaambie! Yaya!” Alijua mimi ndiye mwenye kuweza. Mtoto alijua.

Nikaangalia chini. Aziza akamshika dada yake mkono, wakaondoka kwa miguu kwenda stesheni, kwa shangazi yao aliyeko Sakania.

Usifikiri nililia. Wateja walikuja! Mchoraji anayeota kweli, nani asingemtaka? Nikavaa abakosti, suti ya wakubwa wa siku hizo, nikaitwa citoyen, kama bwana mheshimiwa, hata na wale waliozoea kuniita weye. Mama yangu akawa anakwenda bombani kifua mbele, anawekwa mwanzo wa foleni.

Halafu nikaanza kuona kitu. Nikipita, wanawake wanavuta vitenge vyao, wanafunika nyuso. Mwanzoni nilidhani ni heshima. Siku moja nikasikia mmoja akimwambia mwenzake, “Asikuangalie sana, atakuota.”

Wakaja kufuata kitabu. Akina mama walewale ambao watoto wao walikuwa wanakipigania! Kila mmoja alichana ukurasa wenye mtoto wake, akaukunja, akauficha kifuani, akatoka bila kunitazama. Mke wa fundi baiskeli aliondoka na mtoto na kobe wake. Mwisho nikabaki na mgongo wa kitabu, ule mshono wa mistari miwili, na ukurasa mmoja tu. Mwamini na fisi. Huyo hakuwa na mtu wa kuja kumchukua.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Dada yangu alifiwa na mtoto wake mchanga kwa homa. Kilio kikawa uani kwetu sasa. Mjomba wangu akaniita katikati ya wanaume, akaniwekea karatasi na penseli mapajani.

“Ota.”

“Sioti, mujomba.”

“Kwa bantu bengine unabaoteaka. Kwa damu yako unakatala?”

Mume wa dada yangu akasema kwa sauti ya chini, “Haiko anakatala. Anaficha. Ni mutu anapendaka.”

Na katika ua ule, nilimpenda nani? Niliona macho yao yakitoka kwangu, moja moja, yakienda jikoni. Mama yangu alikuwa amepiga magoti pale, anasonga bukari ya waombolezaji, hajui kitu.

Hapo ndipo kweli ikanitoka! Yote! Nikasimama nikalia kwa sauti mbele ya kila mtu. Kwamba sijawahi kuota. Kwamba Mama Mwamini hakumla mtu. Kwamba ni utani wa bombani, ni kisirani, ni mimi! Nilijipigapiga kifua mpaka nikapungukiwa na pumzi.

Mjomba akatikisa kichwa.

“Munaona? Juu ya kuokoa mama yake, anafika hata kusafisha mulozi mwenzake.”

Nani angeniamini? Uongo wangu waliula siku ile ile, bado wa moto. Kweli niliiweka mpaka ikachacha.

Walimwaga bukari ya mama chini, pamoja na chungu. Dada yangu, ambaye mama alimzaa kwa tumbo lake, alimsukuma nje ya ua akimwita mulozi, jina lile lile mama alilomwita Mama Mwamini. Hakuna aliyemtemea mate, hilo nashukuru, lakini hakuna aliyekula tena kitu kilichopita mikononi mwake.

Mtu mmoja tu aliniamini, naye ni mama mwenyewe. Aliniuliza tukiwa wawili, ametulia.

“Ni kweli ulidanganya?”

“Ni kweli, mama.”

“Na miye nilimutemea mate.”

Akafunga kitenge chake kiunoni, akaenda stesheni kutafuta treni ya Sakania, amwombe msamaha yule mama. Hakurudi.

Mimi kwanza nilikwenda Kilwa. Nilitaka kumrudisha Mwamini. Kalaba alinipokea kwa heshima ya mganga, akanichinjia kuku! Nilipomwambia kweli akacheka, akasema walozi wa mjini wamenifunga mdomo, pole sana. Mtoto nilimwona kwa mbali tu, anaanika samaki na wanawake. Aliponiona aliingia ndani.

Kisha nikaenda Sakania. Niliwakuta nyuma ya stesheni, wanawake wawili kwenye mkeka mmoja, wanashona mifuko ya unga kwa mkono, na ile sindano kubwa ya magunia. Cherehani haikuwapo tena. Mmoja alikuwa Mama Mwamini, amekonda, nywele zimeingia mvi kabla ya wakati. Alinikaribisha! Ningependa angenipiga.

“Muchoraji, karibu. Weye unaotaka bantu. Uniotee Mwamini. Uniambie kama anakula.”

Nikatoa ule ukurasa, nikampa kwa mikono miwili. Akauangalia kwa muda, akapitisha kidole juu ya uso wa mtoto, akanirudishia.

“Ule anakomaa sasa. Hii haiko tena sura yake.”

Mwanamke wa pili hakuwa ametazama juu. Mara tu aliposikia sauti yangu alivuta kitenge, akafunika kichwa chote mpaka kidevuni, akaendelea kushika mfuko gizani mule. Nikapiga magoti mbele yake.

“Mama, ni mimi, mwanao.”

“Minajua ni weye,” akajibu humo ndani ya kitenge. “Njo juu ya ile minajifunika.” Ndiyo sababu anajifunika.

Hakukifunua. Nilikaa pale mpaka treni ya kurudi ikapiga king'ora, hakukifunua. Mama Mwamini alimwekea maji karibu, akamshikisha kikombe, kama anavyohudumiwa kipofu. Nikaondoka.

Leo ninachora herufi tu. Majina ya maduka, “Hapa Wanauza Makaa”, “Mbwa Mkali”. Sura nimeacha. Na mimi niliyechora nyuso za Katuba nzima, uso wa mama yangu sikuwahi kuuchora, nilikuwa naona upo tu, nitauchora siku yoyote. Sasa nikifumba macho nauona kitenge.

Wewe uliye na kipaji, cha mkono au cha mdomo, sikiliza. Mtu akikutania, mtanie. Akikukera, mgombeze. Usimlipize kwa kitu ambacho watu wanakiamini kuliko wanavyokuamini wewe. Na siku ukisimamishwa mbele ya watu ukaulizwa, sema kweli palepale, wakucheke, wakupige, yaishe! Mama Mwamini alinitazama kwa hakika mbele ya kilio kizima, nami nilikuwa na nafasi ile moja tu.